Mchawi Aliyepewa Maneno ya Mwenzake

Kwa misimu mitatu ya tamthilia ya runinga, Mama Ukungu hakuwahi kumtupa mdogo wake. Alikuwa mchawi, sawa, alipaa kwa ungo na kugeuza watu kuwa mijusi, lakini mdogo wake alikuwa mboni ya jicho lake. Mwandishi wa tamthilia hiyo hakumbuni hivihivi tu. Alimtoa kwa dada yake mkubwa, aliyeacha shule ili mwandishi asome, na ambaye sasa alitamba kwa majirani: "Yule mchawi ni mimi. Mniogope!"

Studio ile ilikuwa na mtindo wake, na wa ovyo kwelikweli: mwigizaji asipotokea, maneno yake anapewa aliyepo. Asubuhi moja, mwigizaji wa mchawi mwingine, yule katili, alituma ujumbe kwamba sauti imemkauka. Taa zilishawashwa, shimo la maboksi lilishapakwa rangi nyeusi, na mdogo wake Mama Ukungu alishafungwa kamba. Wa kumsukuma ndiye hayupo.

"Mpe Mama Ukungu," mtayarishaji akasema.

"Amsukume mdogo wake mwenyewe?"

"Watazamaji wanasahau, bwana. Badilisha jina tu, tumalize kazi."

Mwandishi alipinga kidogo, kidogo sana, kisha akatoa kalamu. Alikata jina moja na kuandika lingine mara kumi na moja. Hata maneno yenyewe hakuyasoma upya, na hilo hatajisamehe.

Jumapili alasiri alikwenda kwa dada yake, wakakaa kwenye kochi moja kama kawaida yao. Kwenye runinga, Mama Ukungu akasimama ukingoni mwa shimo, akacheka.

"Maisha yangu yote nimekubeba kama gunia," akasema. "Nimechoka na uso wako." Akasukuma.

Tangazo la sabuni lilipoisha, dada akamgeukia.

"Ndivyo unavyoniona?"

"Hapana, Dada! Yale si maneno yako. Ni ya yule mchawi mwingine. Mwigizaji wake aliumwa, mimi nikabadilisha jina tu."

"Jina tu."

"Haki ya Mungu."

Dada akaviringisha pindo la kanga yake kidoleni.

"Na kile kipindi ambacho Mama Ukungu aliuza nywele zake ili mdogo wake apone? Nililia wiki nzima. Kile nacho kilikuwa cha nani, kabla hujabadilisha jina?"

Kile alikiandika mwenyewe, kila neno, huku machozi yakimtoka. Akaapa. Akarudia kuapa, na akasikia jinsi kiapo kilivyokuwa chepesi, maana ni yeye aliyetoka kueleza, kwa mdomo wake mwenyewe, jinsi kazi yao inavyofanyika.

"Sawa, nimekuamini," dada akajibu, kwa ule upole anaowawekea wageni, kisha akachukua rimoti na kuhamia kwenye utabiri wa hali ya hewa.