Pistoni ya Sita

Lori la Mwinyijuma lilikuwa na jina lake la heshima, limeandikwa kwa rangi ya kijani juu ya kioo: TAWAKALI. Lakini kutoka Maramba mpaka Tanga mjini hakuna aliyeliita hivyo. Liliitwa Shuka Usukume. Palikuwa na kilima kimoja njiani, ukitoka Maramba na mzigo, ambacho lile lori halikupata kukipanda na watu mgongoni. Likifika chini yake linakohoa mara mbili, linatetemeka, linasimama. Abiria wanashuka wenyewe bila kuambiwa, mama anakaza mbeleko, mwalimu anavua viatu, wanasukuma mpaka juu. Na nauli wameshalipa.

Fundi wake nilikuwa mimi, kwa hiyo nusu ya aibu ile ilikuwa yangu. Gereji yangu ilikuwa Usagara, pale pale Tanga mjini: mabati manne na shimo. Ufundi nilifundishwa jeshini wakati wa vita, kwa makofi zaidi ya maneno, na ndiyo maana mpaka leo sijasahau kitu.

Mwaka wa hamsini na tano wakulima wa machungwa wa Maramba walichoka. Msemaji wao, Mzee Eliudi, Msambaa wa Kilutheri aliyeweka kicheko chake mpaka Krismasi, alimwambia Mwinyijuma mbele yangu: "Bwana, machungwa yetu yanaozea kilimani. Msimu huu, safari ya kwanza, lori lipande na mzigo na watu wake, asishuke mtu. Likipanda, mzigo wetu ni wako. Lisipopanda, yuko mwenye lori jipya, tumeshazungumza naye."

Mwinyijuma alikuwa ameuza minazi ya marehemu baba yake ili anunue lori lile. Bila machungwa ya Maramba, lingebaki banda la kuku. Alikuja gereji akakaa juu ya tairi, kofia mkononi.

"Zubeiri, niambie kweli. Niliuze chuma chakavu?"

"Nani atakinunua, bwana? Hata chuma chakavu kinatakiwa kiwe na afya."

Hakucheka. Nikajua hali imefika mbaya, maana Mwinyijuma alikuwa akicheka hata mazikoni.

Nikamweleza mawazo yangu. Injini kubwa mpya hatuiwezi. Lakini injini ni tumbo. Tukiyapanua matundu ya silinda zetu sita, tukatia pistoni nene zaidi, tumbo litakula zaidi, na lililokula litafanya kazi. Kilichobaki ni kuzipata hizo pistoni bila fedha, jambo ambalo nililala nalo siku nyingi.

Nilijua zilipo. Mbele ya Pongwe, katika shamba la mkonge, alikuwapo fundi wa kerezo, ile mashine ya kuchongea vyuma, aitwaye Rafaeli, Mnyamwezi, Mkatoliki, mfupi kama kinu. Pampu moja ya shamba ilikufa injini, na bwana shamba akampa Rafaeli ile injini kama ahsante ya miaka yake kumi. Pistoni zake, sita kama zetu, zilizidi zetu kwa unene wa kucha mbili tu. Mungu mwenyewe asingepima vizuri zaidi.

Ila mimi ni Mzigua, yeye Mnyamwezi. Watani.

"Kwa mtu mwingine ni shilingi thelathini," aliniambia. "Kwa Mzigua ni sitini, maana nikishazipokea fedha zako itabidi ninunue na sabuni ya kunawa."

"Mnyamwezi ananawa? Tangu lini?"

"Tangu tulipofika pwani tukakukuteni."

Miezi miwili tulikwenda hivyo. Kila nikirudi bei imepanda, na yeye anazidi kunenepa kwa furaha.

Kisha baba yake mdogo akafariki pale kambini kwa wafanyakazi wa shamba. Habari ilinifikia asubuhi, nikapanda baiskeli mpaka Pongwe na zaidi. Mtani hakosi msibani. Niliwakuta wafiwa wamejiinamia, na Wazigua wenzangu wawili wameshaanza kazi yao, wanamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea. Vilio vikachanganyika na vicheko, kama inavyotakiwa. Jeneza lilipofika makaburini, nilivua viatu nikashuka kaburini, nikajilaza chali.

"Hapa pamejaa," nikasema. "Katafuteni pengine."

Padri alikuwa mgeni, akashangaa. Waliokuwa wenyeji wakamwambia asubiri, ndio utaratibu, lazima mtani alipwe ndipo atoke.

Rafaeli akainama ukingoni, macho mekundu. "Unataka nini, we mchawi? Kuku?"

"Kuku wenu wana chawa. Nataka pistoni za ile injini."

Watu waliangua kicheko, mpaka mjane akajifuta machozi kwa kicheko. Rafaeli alinitazama sana. Kisha akamtuma mtu. Nililala pale, udongo unaniangukia sikioni, mpaka nikaona gunia linashushwa kando ya kaburi na nikasikia chuma kikigongana. Nikatoka. Tukamzika mzee, nami nikalia kweli, maana alikuwa mtu mwema.

Nilipofungua gunia nikakuta pistoni tano.

Hapo ndipo ulipokuwa ujinga wangu. Mtani akishatoka kaburini, madai yamekwisha. Hata angepewa kokoto hana la kusema. Nilipaswa kuhesabu nikiwa bado nimelala.

"Na ya sita?" nikamwuliza.

"Ya sita utaidai nikifa mimi," akasema Rafaeli. "Mkiambiwa Wazigua hamjui hesabu mnakasirika."

Nilirudi mjini natukana njia nzima. Mwinyijuma alipoziona tano akashika kichwa. Injini ya silinda sita haitembei na pistoni tano kama vile meza haisimami kwa miguu miwili na nia njema. Zilikuwa zimebaki wiki tatu.

Basi tukaifua wenyewe. Nilivunja pistoni mbili kuukuu za lori, nikaongeza na sufuria moja ya mke wangu Asmahani, ambaye mpaka leo anaidai. Nilichukua moja ya zile tano nikaivika karatasi ili itoe umbo nene kidogo, nikaikandamiza kwenye mchanga uliokandwa na maji ya sukari guru, nikamwaga madini niliyoyayeyusha. Ya kwanza ilitoka na matundu kama mkate wa kumimina. Ya pili pia. Ya tatu nikaipeleka kwa Rafaeli, maana kerezo lilikuwa lake, nikajiandaa kwa matusi.

Aliigeuzageuza mkononi. "Hii umeimwaga au umeitapika?"

"Lete ile ya sita basi, tuachane na hii."

"Sijafa," akasema, akawasha kerezo.

Aliikereza siku nzima ya Jumapili baada ya misa. Tukaipima kwenye mizani ya duka la viungo, yeye anakwangua kwa ndani, tunapima tena, mpaka ikalingana na ndugu zake. Kisha, bila kuombwa, akaja Usagara na fimbo yake ya kuchongea matundu, akakaa kwangu siku nne tukiizungusha kwa mikono. Kila tundu likiisha aligonga ukuta wa silinda kwa spana, anasikiliza. "Umebaki mwembamba kama ganda la yai," alikuwa akisema. "Lakini hata kuku hulalia mayai."

Siku ya safari, tuliondoka Maramba na matenga ya machungwa mpaka juu, na abiria juu ya matenga. Mzee Eliudi alikaa mbele, kati yangu na Mwinyijuma aliyeshika usukani huku midomo ikisoma dua. Rafaeli alikuwa nyuma na watu.

Tukafika chini ya kilima. Mwinyijuma akapunguza mwendo abadili gia. Akabadili, akakanyaga, na lori likapanda. Nasema lilipanda kama linakimbia deni. Tulifika juu, Mwinyijuma analia, mimi nacheka, tukashuka kutazama nyuma.

Juu ya machungwa alikuwapo Rafaeli peke yake.

Abiria wote walikuwa chini kilimani, wamesimama barabarani, mikono mbele tayari kusukuma kitu ambacho hakipo. Gari lilipopunguza mwendo wao walishuka, kama walivyozoea miaka yote. Mwalimu alikuwa na viatu mkononi.

"Limepanda bila watu," akasema Mzee Eliudi. "Sharti lilikuwa na watu wake."

 Tukarudi kinyumenyume mpaka chini, rejeta inachemka, na sasa tulilazimika kuanza palepale, lori limesimama, injini ya moto, na ile pistoni ya sufuria ndani yake. Watu wakapanda. Nikamsikia Rafaeli akiwaambia, "Atakayeshuka safari hii, nitatangaza shamba zima kuwa ni Mzigua."

Hakushuka mtu. Lori lilinguruma, likasita katikati, nikahisi moyo wa Mwinyijuma unasita nalo. Kisha likaendelea, polepole, kama bibi anayepanda ngazi na haombi mkono. Tukafika juu, na watu wote wamo. Mzee Eliudi alichukua chungwa moja, akalimenya kwa kisu chake, akampa Mwinyijuma nusu.

Lori lile lilibeba machungwa ya Maramba miaka saba. Jina la Shuka Usukume halikuliacha, lakini sasa watu walilitaja kwa mapenzi. Nami kila nilipokutana na Rafaeli nilimwita bahili aliyelalia pistoni kama kuku, na yeye akanijibu, "Sijafa."

Alifariki mwaka juzi. Magoti yangu hayashuki tena kaburini, kwa hiyo vijana walinishika makwapa wakaniteremsha. Nikajilaza.

"Mtani, unadai nini?" akauliza binti yake, Praxeda.

"Pistoni ya sita."

Hakuuliza ni nini. Aliitoa kwenye kikapu, imeviringishwa kanga, imepakwa grisi. Nikaifuta kwa kidole. Kutoka ukingoni mpaka kwenye tundu la pini ulipita ufa, wa zamani, mweusi, unaoingia ukucha. Pistoni ile isingefanya kazi hata siku moja. Siku ile ya gunia alikuwa amenipa zote zilizo nzima, na mtani hatoi bure mbele za watu, ndipo akaificha zawadi yake ndani ya utani. Miaka yote ile nikamtukana, na yeye akapokea.

"Mtani, toka basi," akasema Praxeda. "Baba anasubiri."

"Mwambie asubiri kidogo," nikasema. "Leo nahesabu kwanza."