Hesabu Ziliposhuka

Nazik aliingia na barafu kwenye kope, akasimama katikati ya chumba cha jenereta bila hata kuvua glavu.

"Baba, vaa koti. Tunaondoka kesho."

Mzee Garnik hakugeuka. Alikuwa ameinamia karatasi iliyotoka polepole mashineni, kalamu ya wino ikichora juu yake mstari unaoteremka.

"Hesabu zinashuka," alisema.

Ulikuwa mwaka wa pili wa giza. Kule chini, mjini Yerevan, umeme ulikuja kidogo, au haukuja kabisa. Watu walikuwa wamekwisha kukata miti ya bustani na sasa walichoma viatu na vitabu. Juu kwetu, kituoni katika mlima Aragats, theluji ilikuwa imefika madirishani. Tulikuwa wawili tu: mimi, Arpine, mhandisi kijana, na Garnik, aliyezitunza mashine zile tangu siku ziliposimikwa. Wenzetu wa zamu hawakuja, kwa kuwa gari la minyororo linalopanda thelujini halikuwa na mafuta. Dizeli iliyobaki isingetosha kupasha vyumba joto na kuendesha mashine pia. Garnik alichagua mashine. Tukahamishia magodoro kando ya jenereta, tukalala katika moshi na ngurumo, tukala mikate ya lavash iliyokauka, tukiilainisha kwa maji ya theluji.

Kazi yenyewe mama yangu hakuielewa hadi anaingia kaburini. Kutoka mbali sana angani hutunyeshea miale ambayo hakuna anayeiona wala kuihisi. Sisi tuliihesabu ilipogonga vitalu vya madini ya risasi vilivyopangwa bandani. Jua likitapika wingu lake la sumaku, wingu hilo huisukuma miale pembeni, na hesabu zetu hushuka. Kisha, siku hadi siku, hupanda tena. Aliyeufuata mteremko wote na mpando wote anaweza kujua wingu lilikuwa la namna gani, na pengine siku moja akawaonya wenye ndege na setelaiti. Aliyepata nusu hana kitu.

"Zishuke!" Nazik alisema. "Nimepanda tangu alfajiri kwa mbao za kutelezea. Peke yangu. Unanisikia?"

"Nani aliyekuruhusu kupanda peke yako, chizi wewe?"

"Nani angenikataza? Wewe ulikuwa huku."

Hapo aligeuka. Alimvua glavu, moja kisha nyingine, akaishika mikono yake na kuipulizia pumzi kama ya mtoto mchanga.

"Huko Krasnodar, kwa Warusi, mna nyumba?"

"Kwa dada yake Suren. Chumba kimoja. Lakini kuna gesi, baba. Unawasha, inawaka." Suren alikuwa mumewe. "Nafasi yako kwenye ndege ipo. Watoto wanakuulizia kutwa."

"Nipe siku chache, mwanangu. Hesabu zikirudi juu nitawafuata."

"Kwa ndege ipi?"

Garnik aliitupia jicho karatasi yake.

"Mama alipokuwa anakufa ulisema hivyo hivyo," Nazik alisema, sauti yake imeshuka. "Nipeni siku chache. Na siku zile pia lilikuwa jua lililokushika?"

"Lilikuwa jua," Garnik alijibu.

Sikuweza kuvumilia. "Mzee, nenda. Mimi nitabaki na mashine."

"Wewe hujui hata jenereta hii inavyokohoa. Itakuzimikia, na utaganda hapo hapo ulipo." Alinisogelea. "Mshushe Nazik. Anga linageuka, na kule mteremkoni theluji inaporomoka. Asishuke peke yake."

Nazik hakulia. Alitoa mkobani kifurushi cha aprikoti kavu, akakiweka mezani, juu ya ile karatasi. Garnik alikisogeza kando, taratibu, ili kalamu ipite.

Tulishuka wawili. Tulipokaribia kijiji Nazik alisimama, akaegemea fimbo zake.

"Umeona alivyokisogeza?"

"Nimeona."

Kesho yake ndege yao iliruka. Mimi nilizunguka mjini ofisi baada ya ofisi nikiomba pipa la dizeli, na kila mtu alikuwa na hospitali au tanuri la mikate la kunitajia, na kila mtu alikuwa na haki. Nilipopata robo pipa na mtu wa kunisaidia kuivuta juu ya theluji kwa sleji, zaidi ya wiki ilikuwa imepita. Tulipotokeza kwenye uwanda wa juu, bomba la jenereta halikutoa moshi.

Tulimkuta hai, amejiviringisha mablanketi yote, mgongo umeegemea vitalu vya risasi. Miguu yake ilikuwa imegeuka rangi. Kwenye karatasi mstari ulikuwa umefika chini, ukaenda bapa kidogo, basi.

"Ilizimika kabla hazijaanza kupanda," alisema. Baadaye, tulipokuwa tunamfunga kwenye sleji, aliuliza, "Waliruka?"

"Waliruka."

"Anga lilikuwa safi?"

"Safi kabisa."

"Afadhali."

Hospitalini walimkata vidole vya miguu yote miwili. Theluji ilipoyeyuka nilinakili takwimu zetu nikawapelekea wenzetu wa nchi za nje. Walijibu kwa adabu nyingi: vituo vingine, vyenye umeme, vilikuwa vimelirekodi tukio lote mwanzo hadi mwisho. Sikumwambia Garnik, naye hakuuliza. Krasnodar hakufika. Kwanza ilikuwa miguu, kisha pasipoti, kisha Suren akakosa kazi, na mwishowe hakuna aliyeitaja tena safari hiyo. Alipofariki, majirani ndio waliomzika. Nazik hakupata vibali vya kuja.

Alinipigia simu miaka mingi baadaye.

"Arpine, kitu alichokuwa anakitazama siku ile kilikuwa nini hasa?"

Nilimweleza. Nilijitahidi: wingu, miale, kwa nini mpando ni muhimu kama mteremko. Nyuma yake wajukuu walikuwa wakigombana kwa Kirusi. Alisikiliza bila kunikatiza, kisha akasema, "Samahani, supu inafurika," akaweka simu mezani. Nilisikia mfuniko, maji yakimwagika, sauti yake ikimkaripia mtu. Nilingoja kidogo, halafu nikakata simu.