Usikanyage Majani

Bi Ukoka alitia sabuni ya unga kwenye beseni, akaikoroga kwa mkono mpaka povu likasimama. Kabla ya kulibeba aligeuka kwanza kutazama geti. Lilikuwa limefungwa. Akaenda kulimwaga povu lote pembeni mwa bustani, karibu na tundu la ukuta ambalo maji hupitia kwenda mtaroni. Ndipo akafungua koki na kuulaza mpira wa maji juu ya nyasi.

Kwanza povu, halafu maji. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na mama mwenye nyumba tangu redio ilipotangaza kwamba kiangazi kimekuwa kikali, mabwawa yamekauka, na mtu yeyote atakayeonekana anamwagilia bustani atakamatwa. Sauti iliyotangaza ilikuwa ya baba mwenye nyumba mwenyewe. Yeye ndiye aliyekuwa Mkurugenzi wa Maji wa mji mzima.

"Ukiulizwa, sema ni maji ya kufulia," mama mwenye nyumba alimwambia siku ile, amesimama barazani na kikombe mkononi. "Wakiona povu mtaroni watajua tunafua, halafu tunamwagilia kwa masazo. Masazo hayana kesi."

"Na wasiponiamini, mama?"

"Wewe mtu mzima, kichwa kimejaa mvi. Nani atadhani unadanganya?"

"Baba naye anajua?"

"Baba anajua kwamba ana wageni wakubwa kiangazi hiki. Wakikuta vumbi hapa, tutatafutana wewe na mimi."

"Ndiyo, mama," Bi Ukoka aliitikia, ingawa yule aliyemwita mama angeweza kuwa kitindamimba wake.

Jina la Bi Ukoka alipewa na mlinzi wa getini. Alisema ukoka hukatwa, hukanyagwa, huunguzwa na jua, na bado utaukuta unatambaa. Mlinzi alikuwa mtu wa maneno. "Wewe na hizi nyasi," alizoea kumwambia, "sijui nani anamlea mwenzake." Lakini yeye mwenyewe hakuthubutu kuzigusa. Katikati ya bustani palisimama kibao cheupe chenye maandishi meusi, USIKANYAGE MAJANI, na baba mwenye nyumba hakuwa na mzaha nacho. Upepo ukipeperusha kofia ya mlinzi ikaangukia nyasini, alisimama ukingoni mwa saruji na kumwita Bi Ukoka aje amwokotee. Bi Ukoka peke yake ndiye aliyeruhusiwa kuingia, tena pekupeku.

Mlinzi alivaa buti za mzee aliyetunza bustani ile kabla ya Bi Ukoka. Mzee huyo alituhumiwa kuiba visu vya mashine ya kukatia nyasi, akapakiwa kwenye gari la polisi alivyokuwa, miguu mitupu. Buti zikabaki mlangoni pa stoo. "Alisema atarudi," mlinzi alieleza. "Nazitunza tu." Visu vilionekana baadaye, kwa fundi aliyekuwa amepelekewa avinoe. Mzee hakuonekana.

Bi Ukoka alikuwa na kikubwa zaidi cha kupoteza kuliko yule mzee. Katika chumba cha uani alichopewa alilala na binti yake, mwanamke mzima ambaye miguu haikumbeba tangu azaliwe, na maneno aliyoyaweza yalikuwa mawili tu: mama, na maji. Mama mwenye nyumba aliwakubali kwa sharti kwamba binti asionekane. "Si kwa ubaya, bibi. Wageni huuliza maswali." Kwa hiyo kila alipotoka kwenda kazini Bi Ukoka alifunga mlango kwa kufuli, akaufunga ufunguo kwenye pindo la nguo yake. Ufunguo ulikuwa huo mmoja. Jua likipanda, bati la chumba kile lilianza kulia kama kikaango, naye alikatiza kazi kila mara, akapitisha kikombe kwenye nondo za dirisha na kumshikia binti akinywa. Alipokwisha alimwambia, "Tulia, mwanangu, nipo," akarudi mbio kwenye mpira wake.

Aliomba Mungu kila alfajiri. Hakuomba makubwa. Aliomba asimtangulie binti yake kufa; hata kwa siku moja tu, binti aanze, yeye afuate. Akishaomba hivyo aliogopa, akatubu, na kesho yake akaomba tena.

Halafu nyasi za pembeni zikaanza kugeuka rangi. Kwanza zilififia, kisha zikawa za manjano, kisha ukanda mzima kutoka kwenye tundu la ukuta ukawa kama mkeka uliochakaa. Bi Ukoka alipiga magoti akazing'oa chache, akazinusa mizizi. Zilinuka sabuni.

Mama mwenye nyumba aliuona ukanda ule kutoka barazani. "Huu nao ugonjwa gani?"

"Ni povu, mama. Sabuni inaziunguza."

"Nilikwambia utie sabuni, sikukwambia uziue."

"Basi niache povu?"

"Nimesema uache?"

"Niendelee, mama?"

"Wewe bibi, kila kitu utafuniwe? Tumia akili. Baba akija asiione hiyo rangi."

Usiku wote Bi Ukoka aligeuka kitandani. Akitia povu, nyasi zitakufa, naye atafukuzwa na mwanawe mgongoni. Asipotia, maji yatatoka safi, bila povu, mtaroni mbele ya watu wenye kiu. Asubuhi akasimama na beseni mkononi muda mrefu. Nyasi zilikuwa ndani, zinaonwa kila siku. Mtaro ulikuwa nje. Akalirudisha beseni stoo, akafungua koki.

Ukanda ule ulianza kurudisha uhai. Machipukizi yakatokeza, membamba, ya kijani kichanga. Bi Ukoka aliyashukuru kimoyomoyo kama mtu anayeshukuru mgonjwa kula uji. Bustani iliyobaki ilikuwa imefungana, nene, mtu angeweza kuzamisha mkono mpaka kifundoni asiuone udongo.

Siku moja, akiwa anausogeza mpira, alisikia sauti za wanawake nyuma ya ukuta, na madumu yakigongana. Watu wa mabondeni walikuwa wakipita hapo kwenda kutafuta bomba ambalo huenda lingetoa. Siku zote walipita tu.

"Hebu njoo," mmoja alisema. "Leo hayana povu."

"Yachovye."

Bi Ukoka akatega sikio ukutani. 

"Matamu," sauti ikasema polepole. "Jamani, haya ni ya bomba."

"Kwa Mkurugenzi?"

"Kwa huyo huyo wa redio. Kinga ndoo, wewe. Na lete simu tupige picha."

Bi Ukoka alikimbia akafunga koki, lakini bustani iliyoshiba haifungwi kwa koki. Maji yaliendelea kuchuruzika kwenye tundu, na nje ndoo zikaendelea kuburutwa. Akaenda getini.

"Wamepiga picha?"

"Wamepiga ukuta, wamepiga mtaro, wamepiga na namba ya nyumba," mlinzi alijibu bila kumtazama. "Mimi walitaka kunipiga nikageuza uso."

"Sasa tutafanyaje, baba?"

"Tutafanyaje, wewe na nani? Mimi nalinda geti, Bi Ukoka. Maji hayajapita getini."

Jua lilikuwa utosini magari yalipoingia. La kwanza lilikuwa la baba mwenye nyumba. La pili la polisi, lenye wavu nyuma. Baba mwenye nyumba alishuka na askari wawili na kijana mwenye kamera ya televisheni, akarekebisha tai yake, akasimama ukingoni mwa nyasi.

"Nilisema sheria ni msumeno," aliiambia kamera. "Hukata mbele na nyuma. Leo nimekuja kuuonyesha hata nyumbani kwangu. Mimi hushinda kazini, mke wangu ana shughuli zake, na huku nyuma mtu tuliyemwamini anafungua maji ya wananchi."

Mama mwenye nyumba alikuwa barazani, amejitanda shela. Bi Ukoka alimtazama yeye. "Mama, waambie."

"Niwaambie nini, bibi? Sema ukweli wako."

Askari akamkaribia. "Haya maji ni ya nini?"

Akili yote ilimtoka, likabaki lile neno alilofundishwa. "Ni maji ya kufulia."

Askari akainama, akachota kwa kiganja maji yaliyotuama kwenye ukingo wa saruji. Akayanusa. Akayanywa, maana hata yeye alionekana ana kiu, akajifuta mdomo. "Unafua bila sabuni, bibi?"

Mwenye kamera akacheka. Walimshika mikono.

"Ngojeni, wanangu. Binti yangu yumo ndani, nimemfungia. Hawezi kutembea, na jua hili—"

Kamera ikamgeukia mama mwenye nyumba. Akaishika shela yake vizuri.

"Jua limemchanganya, masikini. Hapa anaishi peke yake."

Kutoka uani, nyuma ya ukuta wa jikoni, sauti ikaita neno moja, ikanyamaza, ikaliita tena. Mwenye kamera aligeuza shingo. Baba mwenye nyumba akamshika bega taratibu. "Piga huku, kijana. Pata gari na geti kwa pamoja."

Bi Ukoka alikuwa anavutwa, lakini mkono mmoja ulikuwa umelifikia pindo. Aliling'ata fundo kwa meno, akautoa ufunguo. Mlinzi alikuwa amesimama wima kando ya geti, mikono ubavuni, kama anavyosimama bosi akiwapo.

"Baba, dakia," alimwita.

Akautupa. Mlinzi aliuona unakuja. Mikono yake ilitikisika kidogo, haikupanda. Ufunguo ulimpita kifuani, ukaangukia nyasini bila sauti.

Walimpandisha garini, wakafunga wavu. Alishika waya kwa vidole vyote. Mlinzi alikuwa amesogea mpaka mwisho wa saruji, ncha za buti za yule mzee zimegusa ukingo. Aliitazama bustani. Akamtazama bosi wake, aliyekuwa bado anaongea na kamera. Akakitazama kibao.

Gari likawaka. Bi Ukoka alitafuta kwa macho pale ufunguo ulipoangukia, hata mng'ao tu asiuone. Nyasi zilikuwa zimeota vizuri mwaka ule.