Meno Matano ya Usukani

Naandika kwa moyo mzito na kwa vidole vyenye grisi. Jumanne, saa nne asubuhi, mimi Larissa, mwanafunzi wa bweni niliyepewa ruhusa ya siku tano kwa ajili ya harusi, nilifungua nati ya usukani wa gari la mjomba wangu, Tonton Sadrack, nikauchomoa, nikaurudisha ukiwa umesogea meno matano ya mhimili wake upande wa kulia.

Gari lenyewe ni aina ya coupé, kupe nyekundu ya viti viwili, iliyotengenezwa kabla mama yangu hajazaliwa. Jumamosi ilipaswa kumvusha yaya Orpha, dada yangu kwa ukoo, bintiye Tonton, kwa kivuko mpaka Lubunga, ng'ambo ya mto, kwenye kanisa la bwana harusi. Nilitaka tu Tonton aendeshe kwenye barabara iliyonyooka huku usukani umelala upande kama kofia ya mlevi. Angecheka. Tungecheka wote.

Hakucheka. Tonton anafundisha fizikia huko Kabondo, na mwalimu wa fizikia hukosea kwa heshima. Aliuona usukani umepinda, akashuka, akatazama magurudumu ya mbele kwa huzuni.

"Parallélisme imeharibika," akatangaza, yaani magurudumu hayako sambamba.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Lakini Tonton alikuwa amekwisha kuniapia: mchezo mmoja tena, narudi bweni bila kuiona keki. Alikuwa bado hajamsahau yule mbuzi aliyehudhuria misa ya shule.

Basi akafunga kamba mbili kwenye matofali, moja kila upande wa gari, akazinyoosha zikawa sambamba. Akapima kwa rula kutoka kwenye kamba hadi ukingo wa mbele wa gurudumu, kisha hadi ukingo wa nyuma.

"Mbele yakaribiane milimita mbili," alisema, "kama miguu ya mutoto anaanza kutembea. Yakipishana sana, pneu, hizi tairi, zinaisha. Na hizi pneu zilikuja na bateau kwa mto toka Kinshasa, hakuna zingine hapa."

Tena gari lilipaswa kupimwa likiwa na uzito wa siku ya harusi. Orpha akakaa kiti cha abiria, nywele nusu zimesukwa. Mimi nikakaa nyuma ya usukani na gunia la mchele mapajani, ili mimi na gunia tufikie uzito wa Tonton.

"Usitikisike," akasema.

Mimi, ambaye sijawahi kumaliza Baba Yetu nikiwa nimekaa mkao mmoja! Miguu iliwasha. Mgongo uliwasha. Mchele ulinong'ona kila nilipopumua. Mbele yangu usukani ulikuwa umefungwa kwa mkanda, umenyooka kabisa, nami nilijua kuwa ni wa uongo. Chini ya gari Tonton alizungusha fimbo zinazosukuma magurudumu, akirefusha moja na kufupisha nyingine, ili magurudumu yautii usukani wangu. Jumatano nzima. Alhamisi asubuhi akaanza tena.

Kisha sauti yake ikatoka chini, imebadilika. "Hii fimbo ya kushoto imetoka sana. Iko inashikwa na hesi tatu tu za skrubu."

"Na zikiachia, papa?" Orpha akauliza.

"Gurudumu moja litaenda Ubundu, lingine Isangi, kila moja njia yake. Lakini bon, zitashika. Ni kupanda bac na kushuka tu."

Akilini niliona mbao za kupandia kivuko, maji ya kahawia chini yake, na gauni jeupe. Gunia likaniteleza.

"Nilisema usitikisike!"

"Tonton, volan."

"Iko katikati."

"Iko katikati ya uongo. Niliigeuza meno matano. Jumanne."

Niliona tu kandambili zake zimetokeza chini ya mlango. Hata vidole havikusogea.

"Larissa!" Orpha akapiga kelele. "Ningeingia mu fleuve na robe yangu juu ya mchezo wako?"

Tonton akatoka, akaurudisha usukani mahali pake bila kunitazama, akanipa spana. Nililala mavumbini nikarudisha kila mzunguko alioufanya, yeye akihesabu kwa sauti ya mahakama. Saa nane kamba zilisema milimita mbili.

"Kesho asubuhi chukua sanduku yako," akasema. "Neno ni neno."

Ijumaa asubuhi tuliondoka, yeye na mimi na sanduku. Kwenye barabara iliyonyooka aliachia usukani, akaweka mikono magotini. Kupe ikaenda moja kwa moja kama mtawa anayeelekea kanisani. Mimi sikutikisika.

Shule ilionekana. Papa Hubert, mlinzi, akatambua gari, akafungua lango mpaka mwisho. Mikono ya Tonton ilibaki magotini. Lango likapita, na Papa Hubert akabaki ameinua mkono.

"Tonton, tumepita."

"Nyamaza," akasema. "Nasikiliza kama inavuta kulia."