Kisahani cha Nelima
Mimi ni mtu wa kusugua. Niseme mapema, kabla hujaanza kunihukumu. Karakana yetu iko Kibera, upande wa Mashimoni. Tunayeyusha kufuli mbovu na vichwa vya mifereji, tunatengeneza hereni na bangili za shaba. Wenzangu humwaga na kugonga, mimi hung'arisha. Kitu cheusi kikinifikia mkononi, hakimalizi dakika mbili na weusi wake.

Nelima, mpenzi wangu, alipokwenda Ujerumani kusomea mambo ya leza, nilimpa kisahani cha shaba, kidogo kama kiganja cha mtoto. Nilikuwa nimekisugua mpaka akaiona pua yake ndani. Sasa ni miaka mitatu. Kwa simu alinieleza kazi yake: leza inayopiga chuma kwa vipigo vifupi ajabu. Sekunde moja ukiikata vipande milioni bilioni, kipigo kimoja ni vipande mia hivi tu.

"Joto halipati time ya kusambaa," aliniambia. "Ile ngozi ya juu peke yake ndiyo inapigwa. Inabaki na mistari midogo na chembechembe, huwezi ziona na macho. Chuma inageuka rangi, na hakuna mtu amepaka rangi."

"Sasa hiyo rangi inatoka wapi?"

"Kwa hiyo mistari, Osewe. Mwanga ukiingia hapo unanaswa."

Nilisema nimeelewa. Ukweli ni kwamba nilikuwa nasikiliza sauti yake, hayo ya chembechembe yangengoja. Nilikuwa na hamu naye hata akiwa kwenye simu, pengine hapo zaidi.

Mwezi wa Februari nikachoka. Nikamuuliza wazi kama atarudi kwetu au la: nikungoje, ama?

"Nitakujibu na ile shaba yako," akasema.

Kifurushi kilifika kwa mamake, Kavetsa, anayeuza mboga Kawangware. Nilikwenda kukichukua kwa miguu, na sikusikia jua wala umbali.

"Amesema usome barua kwanza," mama yule aliniambia, akinifungia sukuma wiki ambazo sikuwa nimeziomba. "Barua kwanza, umeskia?"

"Nimeskia, Mama."

Nilisikia, lakini barua niliitia mfukoni. Nilitaka kukifungua kifurushi Kibera, mbele ya wenzangu, wajue kwamba mimi pia nina mtu. Huo ndio ujinga wangu, sina wa kumsingizia.

Ndani ya karakana hakuna mwanga wa kutosha. Nilikunjua karatasi, nikakuta kisahani ni cheusi tititi, mbele na nyuma. Vincent, yule anayemwaga shaba, akachungulia juu ya bega langu.

"Buda, amekurudishia ikiwa imeungua!" Akacheka mpaka akashika meza.

Iliniuma. Nimempa mtu kitu kinachong'aa, yeye ananirudishia masizi? Mashine ilikuwa inazunguka pale pale. Nilikikandamiza kisahani kwenye gurudumu la kitambaa, nikageuza upande wa pili, weusi ukatoka na hasira zangu zikatoka nao. Kiling'aa kuliko siku ile nilipompa. Ndipo nikakumbuka barua mfukoni, nikaisoma.

"Osewe, tafadhali usikisugue. Naijua mikono yako. Weusi huo si uchafu, ni shaba yenyewe, nimeipiga kwa leza. Toka nacho nje kwenye jua, ukiinamishe polepole, utaona maandishi ya rangi ya samawati. Hilo ndilo jibu lako. Nilishinda siku nzima nikiliandika."

Nilitoka mbio. Nilikiinamisha huku, nikakiinamisha kule, nikakigeuza. Nilichoona ni uso wangu tu, umejaa vumbi la shaba.

Nikampigia.

"Umeisoma?" aliuliza kabla ya salamu.

"Nimeisugua."

Nilijiandaa kutukanwa. Badala yake nilimsikia akishusha pumzi, kama mtu aliyetuliwa mtungi kichwani. Pumzi hiyo ilinitosha. Moyo wangu ulivunjika kabla hajatamka neno.

"Iliandikwa nini, Nelima?"

"Wamenipa kazi huku. Miaka minne mingine. Niliandika, usiningoje."

"Basi si umesema."

"Zii, sijasema. Hapo nimekusomea tu. Kukuambia mimi mwenyewe, na mdomo wangu, nilishindwa. Ndiyo maana nilipea mashine iandike."

"Niambie sasa. Sema, 'Osewe, usiningoje.' Nitakubali."

Alianza kulia. Mimi pia nililia, pale nje, watu wakipita na mitungi yao ya maji. Nilingoja aseme. Hakusema. Mwishowe mtu alimwita kwa lugha ya huko, akaniambia lazima aende, akaenda.

Kisahani nimekitoboa tundu, nakivaa shingoni. Vincent huniambia nikiyeyushe, kinatosha hereni jozi mbili, na siku hizi ananiambia bila kucheka. Shida ya shaba ni kwamba ukiivaa inarudi kuwa nyeusi yenyewe. Haihitaji leza, jasho tu linatosha. Kila Jumamosi nikiona weusi umeanza pembeni, nawasha mashine, nakisugua, natoka nacho juani. Nakiinamisha polepole, nihakikishe hakuna kitu kimeandikwa.