Kopo la Misumari

"Fundi, shuka basi!"

"Sishuki."

Ilikuwa mara ya tatu tangu asubuhi mpelelezi kusimama chini ya ngazi yake, suruali imejaa tope mpaka magotini. Fundi aligonga msumari mwingine. Dhoruba ilikuwa imeezua nusu ya mji, kila mwenye nyumba alitaka paa lake lirudi leo hii hii, halafu anakuja huyu bwana ambaye hata kupanda juu ya kiti humtia kizunguzungu. Angekuja kumposa tena, angalau Fundi angejua la kumjibu. Mara mbili alishamwambia asubiri, na mara mbili alirudi nyumbani akijilaumu.

"Ni yule mwenye duka la mabati," mpelelezi alisema. "Mkubwa wangu anataka niandike kafa kwa dhoruba, nifunge jalada. Roho yangu inakataa. Njoo uniangalizie paa tu, tafadhali."

Fundi alishuka akinung'unika. Marehemu yule hakuwa na wa kumlilia. Ndiye aliyemuuzia kaka yake Fundi mabati membamba huku akiapa ni mazito, na dhoruba ilipopiga Jumatatu paa hilo lilimwangukia wifi yake, likamuua. Alhamisi upepo ulirudi. Ijumaa mwenye duka akakutwa chini ya boriti. Kaka mtu, tangu mazishi ya mkewe, hakulia wala hakuzungumza. Alipanda mapaa ya watu akagonga tu, na hata kula mpaka akaripiwe.

Dukani mlikuwa mmeloa chapachapa. Fundi aliegemeza ngazi ukutani, akapanda, akakaa juu ya ukuta, akapitisha kidole kwenye mabati yaliyobanduliwa.

"Upepo ukilivuta bati, unalichana," alisema. "Tundu la msumari linabaki limeraruka. Haya matundu ni mazima. Misumari imeng'olewa kwa nyundo, mmoja mmoja."

"Kwa hiyo kuna mtu!" Mpelelezi aling'aa uso kama aliyekubaliwa posa.

"Usifurahi hivyo, Afande. Kuna mtu amekufa."

"Sawa, sawa. Na misumari yenyewe iko wapi?"

Fundi alikuwa ameshaiona. Juu ya ukuta, nyuma ya kenchi, zile mbao zinazobeba paa, lilikuwa kopo la maziwa. Ndani yake misumari yote ilikuwa imenyooshwa, vichwa vimeelekezwa upande mmoja, imeviringishwa kwenye kitambaa chenye grisi isije ikashika kutu. Hivyo ndivyo baba yao alivyowafundisha, yeye na kaka yake, na mafundi wote wa mji waliwacheka kwa hilo.

"Mjinga wewe," alinong'ona. "Mjinga!"

Hasira zilimpanda hadi masikio yakawaka. Mtu unaua, unang'oa paa ili upepo usingiziwe, kisha unakaa ukutani kunyoosha misumari! Na kuipaka grisi! Na baada ya yote hayo unaisahau! Machozi yalimtoka, nayo yakazidi kumkera. Kutoka mtaa wa pili alisikia nyundo ya kaka yake: mara tatu, kimya, mara tatu tena. Hakuna mwingine aliyegonga hivyo.

Mfuko wa aproni yake ulikuwa mpana. Alilichukua kopo; lingeingia vizuri tu.

"Umeona nini?" mpelelezi aliuliza.

"Subiri."

"Nimechoka kusubiri, Fundi. Napanda."

"Wewe! Utaanguka!"

"Nianguke."

Akapanda kweli, kipandio kwa kipandio, akihema. Alipofika katikati, mguu wa ngazi uliteleza kwenye sakafu yenye maji. Ngazi ikayumba. Mpelelezi akaikumbatia kwa mikono yote miwili, macho ameyafumba.

"Fundi," alisema kwa sauti ya mtoto. "Fundi, nishike."

Aliidaka ngazi kwa mkono mmoja. Haikutulia. Kopo lilikuwa katika mkono wa pili, na mfuko ulikuwa upande uleule aliouinamia. Aliliweka kopo juu ya ukuta, peupe, akaikamata ngazi kwa mikono miwili na uzito wake wote.

"Usitazame chini," alimwambia. "Nitazame mimi. Haya, panda. Nimekushika."

Mpelelezi alipanda akiwa bado amefumba macho, mpaka kiganja chake kikagusa ukuta, shubiri moja kutoka kwenye kopo. Mtaa wa pili nyundo iligonga mara tatu, ikanyamaza.

Mpelelezi akafumbua macho.