Ubao wa Kupimia Macho

Kwa miaka ishirini na miwili Mama Turubai alishona maturubai ya malori, na kila lori alilolivisha liliondoka likamwacha pale pale kwenye stuli yake. Leseni ya magari makubwa aliipata kabla hajaolewa. Mumewe alipofariki, kaka yake akamketisha chini akamwambia barabara si mahali pa mjane mwenye watoto wawili, cherehani ina mshahara wa uhakika. Akakubali. Akajiahidi kwamba ataondoka watoto wakimaliza shule, kisha wakimaliza chuo, kisha kitinda mimba akiolewa, na ahadi zenyewe zikawa zinazaana tu.

Kitinda mimba akaolewa. Wiki ile ile Breki, dereva wa masafa marefu na mteja wake wa siku nyingi, akamwambia anatafuta dereva wa pili: mipaka mitatu, jangwa moja, siku arobaini kwenda na kurudi. Mama Turubai hakuomba muda wa kufikiri. Kaka yake alikuja mbio kumkumbusha umri wake na watu watasemaje, lakini safari hii maneno yaliingilia sikio hili yakatokea lile. Begi lilishafungwa.

Kilichobaki ni kupimwa macho, na hapo ndipo penye kazi. Mwaka mzima sasa alikuwa akitunga uzi kwa kupapasa. Breki akamtoa wasiwasi: ubao wa herufi pale kliniki ni ule ule tangu enzi, madereva kibao wameukariri. Akamsomea mstari kwa mstari, naye akaumeza wote.

Siku ya siku akazitiririsha herufi mpaka mstari wa chini kabisa, tena kwa madaha. Mpimaji, binti wa rika la mwanawe, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mama," akasema taratibu, "ubao wa herufi tulishautoa. Huu ni wa namba."

Akamkalisha, akamwangalia ndani ya macho kwa muda mrefu. Presha ya macho, akasema, tena imeshakula sana, wala haina kurudi nyuma.

"Ungekuwa dereva tungeiwahi. Wao huwa tunawapima kila mwaka."

Mama Turubai akauliza kama basi anaweza kuendelea na cherehani. Binti akajibu mwaka mmoja, labda miwili.

Hasira zikampanda mpaka akashindwa kulia. Alitamani kaka yake awepo pale, amwambie alikuwa anamlinda na nini hasa.

Nje Breki alikuwa akipiga soga na muuza vocha. Akauliza kwa mbali kama mambo yamekwenda sawa. Mama Turubai akaifuata sauti yake mpaka akamfikia, akamwambia atafute mtu mwingine. Kisha akamwomba amshike mkono, amvushe barabara.